Tazameni mikono, si chupa

Mhariri,

Hapa Malindi mnywaji hupimwa kwa chupa: "Fulani anywa mbili tu." Chupa zadanganya. Pombe ya mnazi iliyogemwa alfajiri huendelea kuchachuka yenyewe, na ikifika jioni si ile tena, ni kali zaidi. Tazameni mikono ya asubuhi. Anayeamka akitetemeka, jasho lamtoka, chai yamwagika kwenye kisahani mpaka apate funda la kwanza la mnazi, huyo mwili wake umeshaitegemea pombe.

Msimfungie chumbani aache ghafla, kama wafanyavyo wengine (kwa nia njema, najua). Anaweza kuanguka kifafa ndani ya siku 2 za mwanzo, hata kufa. Mpelekeni hospitali apunguziwe taratibu kwa dawa, apewe na vitamini B1.

Msomaji,
Malindi