Mwanangu Neema, kuhusu hiyo kamera

Neema mama, marahaba. Voisi zako nimezisikiliza nilipofika Karatu ndo mtandao ukarudi, na nimefurahi sana kusikia hela ya fildi umeitunza hukuila. Sasa unaniuliza uchukue ile Nikon D7000 ya mtumba na lenzi yake ya 70-300, au ile Canon ndogo SX740 inayoingia mfukoni yenye zumu ya 40, na wenzako wote hapo chuo cha wanyamapori Mweka wanakwambia chukua hiyo ndogo kwasababu ni mpya zaidi na inavuta mbali. Nakuandikia kwa kirefu maana hili jambo nalijua. Picha sijazisomea lakini miaka yote hii mimi niko kwenye usukani, wageni wako nyuma yangu na kamera za kila aina, jioni wananionyesha walichopata, kwahiyo nimeona nani anarudi anacheka na nani anarudi kanuna.

Jibu langu ni chukua ile ya zamani. Ngoja nikueleze kwanini alafu uamue mwenyewe maana hela ni yako.

Hiyo 40 kwanza isikutishe. Lenzi yake kwa hesabu ya kamera za filamu inaanza milimita 24 inaishia 960, ukigawanya unapata 40, basi, haikwambii picha itakuwa nzuri au mbaya. Ile 70-300 ukiigawanya hivyohivyo unapata nne na kidogo ndo maana wenzako wanakucheka, ila senso ya D7000, kile kipande cha ndani kinachopokea picha, ni ndogo kuliko filamu na inakata pembeni, kwahiyo hiyo 300 kwa hesabu hiyohiyo unaona kama 450. Weka sasa 450 na 960 pamoja, tofauti ni mara mbili na kidogo, sio mara kumi. Na hiyo tofauti unaweza kuipunguza baadae kwa kukata picha, D7000 ina megapikseli 16, ukikata mpaka ndege ajae kama kwenye ile 960 unabaki na megapikseli tatu na nusu hivi, na kwa kuangalia mdomo na manyoya ujue huyu mdiria ni wa aina gani zinatosha kabisa, status ya wasap ndo usiseme.

Kitu ambacho hawakwambii ni mwanga, na hapa naomba unisikilize vizuri kwasababu hii ndo itakuwa kazi yako. Geti linafunguliwa saa 12 asubuhi na wanyama wa kuonekana vizuri wanaonekana kuanzia hapo mpaka kama saa tatu, baada ya hapo simba kalala chini ya kichaka na ndege wengi wametulia, mpaka jioni tena. Yani saa nzuri zote ni za mwanga mdogo. Senso ya D7000 ni milimita 23.6 kwa 15.6. Ya ile ndogo ni 6.2 kwa 4.6 hivi. Zidisha mwenyewe, eneo la ile kubwa linaingia la ndogo kama mara 13, na senso ndo inayopokea mwanga, hakuna programu ya ndani inayoweza kuleta mwanga ambao haukuingia.

Chukua chui wa bonde la Seronera, mchana kutwa amelala juu ya mgunga majani yamemfunika, anaanza kushuka jua likishakuwa jekundu na dereva nae anaangalia saa maana kuzunguka usiku hairuhusiwi. Hapo ile ndogo ukiivuta mpaka mwisho tundu la lenzi linaishia f/6.9 (namba ikiwa kubwa tundu ni dogo), mwanga hautoshi, kamera yenyewe inapandisha ISO, yani usikivu wake wa mwanga, mpaka 1600 au 3200 na picha inajaa chenga, madoa ya shingoni yanachanganyikana na gome la mti huwezi kusema kipi ni kipi, na kama ISO haikupanda basi shata, kile kipazia kinachofunguka na kufunga, ndo inakuwa taratibu, chui akigeuza kichwa tu imetikisika. D7000 ni kamera ya 2010, ndio, lakini kwenye ISO 1600 bado inatoa picha safi na hata 3200 unaitumia bila aibu. Alafu inatunza faili la RAW, yani picha mbichi, unaenda kuliangaza kwenye kompyuta na kivuli kinafunguka, ile SX740 inatoa JPEG peke yake, picha iliyokwisha kupikwa, ilichoamua kamera ndo hichohicho.

Kuna na hili la kuchungulia. SX740 haina pa kuweka jicho, unanyoosha mikono unaangalia kioo cha nyuma. Saa tano jua la Tarangire likiwa juu ya kile kioo unajiona uso wako tu, na ukishavuta mpaka 960 mikono ikiwa imenyooshwa mnyama anacheza kwenye fremu, anatoka upande huu unamtafuta anatokea upande ule. Nimewaona wageni wengi wanamtafuta tai aliyetulia kabisa kwenye tawi, mimi namuona kwa macho, wao kwenye kioo hawamuoni, mpaka anaruka. D7000 unaiweka usoni, viwiko umevibana mbavuni, jicho moja ndani na lingine unaweza kuliacha wazi unaona anayekuja, na ukibonyeza inapiga hapohapo. Kwa ndege anayeruka ndo usiseme, vikamera vidogo vingi vikianza kutafuta fokasi kwake anakuwa keshavuka mto. Mwambie mama yako akushonee kifuko cha kitenge tukijaze maharage, unakilaza juu ya dirisha la gari na lenzi juu yake, waongoza wageni wa zamani wote wanafanya hivyo na picha inatulia kuliko ya mwenye stendi.

Tena hata huo umbali wenyewe wenzako wanaousifia, ikifika saa sita pale uwanda wa Serengeti ardhi inatoa joto na hewa inacheza, duma aliye mbali ukimvuta kwa kamera yoyote ile miguu inatetemeka utadhani yuko ndani ya maji, hiyo sio kosa la lenzi, ni hewa. Zumu kubwa hapo inavuta mtetemo pamoja na duma. Dawa yake ni kuwa karibu na kuwahi, na kuwahi unajua mwenyewe ni saa ngapi.

Vumbi sasa. Watu watakwambia DSLR, yani kamera ya kutoa lenzi kama D7000, inaingiza vumbi kwasababu unatoa lenzi, ni kweli, usibadilishe lenzi ndani ya gari rufu ikiwa wazi, kamwe, funga ile 70-300 asubuhi na ikae humo mpaka kambini. Ila hawakwambii kwamba kamera ndogo lenzi yake inatoka na kurudi kila unapowasha na kuzima, na kila inapotoka inavuta hewa ndani, na hewa ya njia ya geti la Naabi kule Serengeti kiangazi unaijua ina nini. Kulikuwa na mama mmoja mgeni wangu, kamera yake ndogo ya namna hiyo ilianza kutoa mlio wa kukwaruza, krr krr, lenzi imetoka nusu, hairudi wala haiendi, kioo kimeandika izime uwashe tena, kila akiwasha inafanya vilevile. Nilipoinamisha pembeni ya lile duara la lenzi nikaona vumbi jekundu limejipanga kwenye mshono wote. Safari yake ilikuwa imebaki Ngorongoro nzima. Ile ya kutoa lenzi vumbi likiingia kwenye senso unalipuliza na pampu ya mpira, au unampelekea fundi anasafisha unaondoka nayo, ila hizi zilizofungwa mpaka aifungue yote na wengi wao wanakataa kuigusa.

Chaji nayo fikiria, maana huko fildi mtakuwa mnagombania soketi moja ya sola. D7000 betri moja imepimwa picha kama 1050, SX740 picha kama 265. Hilo sina haja ya kulieleza zaidi.

Na kuna sababu ya hela ambayo kwangu mimi ni kubwa. D7000 ina mota ya kuzungusha fokasi ndani ya bodi yenyewe, zile Nikon ndogo za D3000 na D5000 hazina, kwahiyo wewe unaweza kutumia lenzi za zamani za AF-D, zinazotegemea mota ya bodi, ambazo ni rahisi. Ukipata hata ile ya milimita 50 f/1.8D ya mtumba, siku ya mahafali hapo chuoni una uwezo wa kumpiga mtu picha nyuma imefifia vizuri, anakulipa. Kipaimara, sendofu, ubarikio, kazi zipo Moshi yote. Nakwambia ukweli hakuna mtu atakayekulipa ukija na kile kidogo cha mfukoni, hata kama picha imetoka vizuri hawatakuamini.

Sitaki uone nakikandia hicho kidogo bure. Kina uzuri wake. Kina gramu 300 tu, D7000 na lenzi yake ni kama kilo moja na nusu shingoni kutwa nzima na shingo itauma, video yake ni 4K na ya D7000 haiifikii, na picha inaenda kwenye simu bila waya wakati wewe na D7000 utahitaji kununua kisoma kadi. Kama ungekuwa unasomea kupandisha watu mlima ningekwambia chukua hicho kidogo na nisingefikiria mara mbili, pale kila gramu unaibeba mpaka juu. Lakini wewe umesema unataka wanyama na ndege, ndani ya gari.

Basi ukikubaliana na mimi usikimbilie kulipa, mtumba una mambo yake. Muulize huyo muuzaji ile 70-300 ni ipi hasa, kwasababu zipo nyingi na zinafanana. Unayoitaka imeandikwa AF-S na VR, hiyo VR ndo inayotuliza mkono. Ipo nyingine ya bei rahisi haina VR, ukiwa kwenye gari itakutesa. Na ipo mpya iliyoandikwa AF-P, hiyo ni nzuri sana lakini kwenye D7000 haifanyi kazi, fokasi haiendi, kwahiyo ukiona AF-P hapo hakuna biashara hata akikupunguzia.

Alafu mwambie akutumie picha moja iliyopigwa leo na hiyo kamera, aitume kama dokumenti sio kama picha ya kawaida ya wasap, maana wasap ikiibana inafuta taarifa za ndani. Ukishaipata kuna tovuti zinakusomea shata imepiga mara ngapi. Shata ya D7000 Nikon waliipima mpaka mara 150,000, kwahiyo ukikuta elfu thelathini au arobaini ni nzuri, ukikuta laki na thelathini mshushe sana bei au achana nayo. Akikataa kutuma picha, jibu umeshalipata.

Ukienda kuiona nenda mchana. Toa lenzi, washa tochi ya simu upande wa nyuma uangalie kwa mbele, ukiona vitu kama nyuzi nyuzi nyeupe au utando umeota kwenye kioo hiyo ni fangasi, kamera nyingi zinazotoka Tanga, Dar na Zanzibar zinakuwa nayo kwa ile hewa ya unyevu, na fangasi haiishi kwa kufuta na kitambaa, usichukue. Vumbi kidogo kidogo ndani ya lenzi sio tatizo, kila lenzi inalo. Kisha rudisha lenzi, weka f/22, piga mbingu au ukuta mweupe, ikuze hiyo picha kwenye kioo uzunguke kona zote, vidoa vyeusi ni vumbi la senso na linasafishika, ila mstari au nukta ya rangi isiyohama ni shida nyingine. Piga picha nyingi mfululizo usikie mlio wa shata kama ni ule ule mwanzo mpaka mwisho. Bonyeza kila kitufe. Ina sehemu mbili za kadi, jaribu zote mbili.

Na chaja uione kwa macho na uichomeke taa iwake, usikubali maneno ya nitakutumia kesho. Betri ziwe mbili kama inawezekana, aina yake ni EN-EL15.

Mimi alhamisi naingia na wageni, nitakuwa sipatikani mpaka tukitoka, kwahiyo kama atakutumia hiyo picha kabla ya hapo nirushie na mimi niiangalie, na kama wa kwenda nae ukimkosa mwambie baba yako mdogo wa Majengo akusindikize, yeye muuzaji hawezi kumzungusha. Hela usitume kwa simu kabla hujaishika. Mama yako anakusalimia, anasema koti umeliacha na huko Mweka kunanyesha, atalituma na basi la kesho asubuhi ukalipokee stendi.

Baba yako