Taarifa ya mwaka ya mwenyekiti: magazeti ya wanaume na alama za udhibiti

Wandugu wanachama, baba na mama,

Kazi kubwa ya mwaka huu ilikuwa kupanga magazeti ya wanaume yaliyolundikana katika akiba ya chama chetu hapa Lubumbashi. Hesabu ya fedha ataisoma mweka hazina.

Komite imeulizwa mara nyingi kwa nini chama cha kutunza karatasi za zamani kijishughulishe na picha za uchi. Jibu letu ni hili: machapisho machache yamekaguliwa, kukatwa na kuzuiliwa kama haya, na alama za kazi hiyo zimebaki juu ya karatasi zenyewe. Mengi yaliwafanya wanawake kuwa bidhaa. Hatuyasifu. Tunayatunza kama ushahidi, na ndiyo sababu ninawaomba kwa nguvu zote: acheni kuyasafisha. Bahasha inayotupwa, muhuri unaofutwa na ukurasa wenye doa unaochanwa mara nyingi ndivyo vyenye thamani kuliko picha.

Wengi hudhani udhibiti ulikuwa kazi ya mahakama. Kwa kawaida ulianzia posta na duane (forodha). Marekani, sheria ya Comstock ya 1873 ilikataza kupitisha machapisho machafu kwa posta, na Anthony Comstock mwenyewe akapewa kazi ya kuyakagua. Kipimo kilitoka Uingereza, katika hukumu ya Hicklin ya 1868: je, maandishi yanaelekea kumharibu mtu ambaye akili yake ni rahisi kupotoshwa? Kwa kipimo hicho kifungu kimoja kiliweza kukiangusha kitabu kizima.

Gazeti la Esquire la Marekani, lililoanza 1933, linaonyesha vizuri jinsi posta ilivyofanya kazi. Mwaka 1943 mkuu wa posta, Frank Walker, hakulipiga marufuku. Alitaka tu kuliondolea bei nafuu ya kutuma magazeti, akidai haliwafaidii wananchi. Tofauti ya bei ilikuwa karibu dola 500,000 kwa mwaka, mzigo wa kutosha kulifunga bila kumfunga mtu. Mwaka 1946 majaji wa Mahakama Kuu ya Marekani wakasema kwa kauli moja kwamba posta haina mamlaka ya kuwachagulia watu cha kusoma.

Mwaka 1957, katika kesi ya mchapishaji Samuel Roth, mahakama hiyo iliacha kipimo cha Hicklin: sasa chapisho lilipimwa lote kwa jumla, kwa macho ya mtu wa kawaida. Hata hivyo, Ralph Ginzburg, mchapishaji wa gazeti la Eros, alihukumiwa miaka 5, na mwaka 1966 Mahakama Kuu ikaikubali hukumu hiyo kwa sababu ya jinsi alivyotangaza biashara yake. Alikuwa ameomba kutuma matangazo kutoka Intercourse na Blue Ball, miji midogo ya Pennsylvania ambayo majina yake kwa Kiingereza yanachochea fikra za ngono. Posta za huko hazikuweza kubeba mzigo huo, akatumia ya Middlesex, New Jersey. Kwa hiyo muhuri wa posta uliingia katika ushahidi wa kesi. Mwanachama anayetupa bahasha afikirie hilo. Kisha hukumu ya mahakama hiyo katika kesi ya Miller ya 1973 ikarudisha kipimo kwa desturi za kila eneo, na wachapishaji wakaanza kushtakiwa katika miji yenye wenyeji wakali, kama Larry Flynt wa gazeti la Hustler huko Cincinnati.

Afrika Kusini, sheria ya 1963 iliunda bodi ya kukagua machapisho, na gazeti la Scope likawa linachapa nyota juu ya chuchu. Nakala yenye nyota haijaharibiwa na mtoto. Ilitoka kiwandani hivyo. Ikagueni kwa taa iliyolazwa pembeni. Kilichochapwa kinang'aa sawa na picha inayokizunguka. Wino wa kalamu unakaa juu ya mng'aro na unaonyesha mistari ya mkono. Palipokwanguliwa, kama duane ya Japani ilivyofanya kwa magazeti ya kigeni, pamefifia na nyuzi za karatasi zimesimama. Andikeni aina ya alama na ukurasa wake, msiifute.

Sasa kuhesabu kurasa. Gazeti lililokunjwa na kubanwa kwa pini mgongoni lina kurasa 4 kwa kila karatasi, basi jumla lazima igawanyike kwa 4. Kurasa mbili za upande mmoja wa karatasi, namba zake zikijumlishwa, hutoa jumla ya kurasa zote na 1. Kwenye gazeti la kurasa 80, ukurasa wa 12 umeshikana na wa 69. Wa 69 ukikosekana, wa 12 unaning'inia. Ukurasa wa katikati unaokunjuka mara tatu huharibu hesabu hii, na ndio unaoibwa kwanza, kwa hiyo uandikwe peke yake. Magazeti manene ya mgongo wa gundi hayafuati kanuni hii: tafuteni mabaki ya karatasi ndani ya gundi.

Pini yenye kutu isivutwe. Inueni miguu yake kwa kisu chembamba, chini mkiweka kipande cha plastiki, kisha shoneni kwa uzi wa pamba kupitia matundu yale yale. Skochi (utepe wenye gundi) ni marufuku: gundi yake hugeuka njano na kupenya. Karatasi ya kung'aa ikilowa kisha ikakauka ikiwa imefungwa, kurasa hugandana na mara nyingi hakuna dawa. Itenganisheni ingali mbichi. Kuanzia Novemba mvua zinapoanza, masanduku yakae sentimeta 15 juu ya sakafu, mbali na ukuta, na karatasi yenye unyevu isifungwe katika mfuko.

Kuhusu sheria ya kwetu, kifungu cha 175 cha kodi penali (sheria ya makosa ya jinai), iliyotoka kwa dekreti ya 30 Januari 1940, kinamwadhibu anayeonyesha, kuuza au kugawa maandishi au picha zinazovunja maadili mema. Hakisamehe karatasi kwa kuwa ni ya zamani. Kwa hiyo akiba hii ni ya utafiti tu: sanduku lenye kufuli, wasomaji wa miaka 18 na zaidi, hakuna kuuza wala kutandika kando ya barabara kwa jina la chama. Ikionekana picha ya ngono yenye mtoto, isipigwe picha, isiorodheshwe, isipitishwe mkononi. Mwenyekiti na katibu waiarifu parke (ofisi ya mwendesha mashtaka) siku hiyo hiyo.

Komite inaomba kura yenu leo juu ya mambo mawili: kununua mifuko ya poliesta badala ya ile ya PVC, plastiki ambayo hutoa asidi, na kuongeza safu ya «bahasha, mihuri na alama za ukaguzi» katika daftari la orodha.