Risala ya Wahitimu wa Ufundi wa Barabara kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkuu wa Chuo, walimu wetu, wazazi na wageni waalikwa,

Karibu sana. Umekwisha kagua maonyesho yetu, kwa hiyo risala hii itabeba jambo moja tu: lami iliyochoka itengenezwe upya palepale barabarani.

Mheshimiwa, takriban asilimia 95 ya uzito wa lami iliyotandikwa ni kokoto na mchanga. Bitumini, yaani gundi nyeusi inayozishikanisha, ni kama asilimia 5, na hiyo ndiyo inayozeeka: hewa huikakamaza, nyufa zikaanza. Kokoto bado ni nzima. Hata hivyo hukwanguliwa na kumwagwa jalalani, kisha malori hurudi machimboni kufuata kokoto nyingine. Sisi tunaona huko ni kutupa mali.

Kwa njia ya baridi, yaani bila kuipasha moto lami ya zamani, mashine hukwangua tabaka la juu, mara nyingi milimita 50 hadi 100, hulisaga, hulichanganya na bitumini ya povu na saruji kidogo, kisha hutandazwa na kushindiliwa. Povu hutokana na maji kidogo, asilimia 2 au 3, yanayoingizwa kwenye bitumini yenye joto la nyuzi 160 hivi. Huumuka ghafla na kushika chembe laini hata zikiwa baridi na zenye unyevu. Profesa Ladis Csanyi wa Iowa, Marekani, alianza kutengeneza povu hilo kwa mvuke mwaka 1956, kwa hiyo anayesita akidai ni teknolojia ngeni amechelewa kidogo.

Lakini si kila barabara inafaa. Mitaro ikiziba na maji yakaloweka msingi, tabaka hilo litabonyea kama lilivyobonyea la kwanza. Yachimbwe kwanza mashimo ya majaribio, unene na unyevu vipimwe. Vilevile tabaka la baridi huhitaji muda wa kukauka kabla ya kufunikwa; haraka ya mkandarasi huharibu kazi hapo.

Changamoto yetu, Mheshimiwa, ni kwamba haya yote tumeyasoma kwa picha. Tunaomba wanafunzi wanaobaki wapokelewe kwenye miradi ya ukarabati, na maabara ipatiwe kifaa kidogo cha kutengenezea bitumini ya povu. Hata lori moja la lami iliyokwanguliwa, likimwagwa uani kwetu badala ya jalalani, litatosha kuanzia majaribio.

Tunaomba kuwasilisha.