Barua ya wazi kwa Mheshimiwa Diwani: Nilikuomba ngazi, ukanijibu habari za muuaji

Mheshimiwa Diwani,

YAH: NGAZI MOJA NA TAA MOJA

Kwa heshima na taadhima naomba unisikilize. Nimeshakuandikia mara tatu kwa Kiingereza, na Kiingereza changu si kibaya, nimekisomea Tanga na nimekifanyia kazi hapa Manchester miaka kumi na minne. Majibu yako yote ninayo, nimeyatia kwenye mfuko wa rambo pamoja na bili za umeme. Leo naandika Kiswahili, wasome kwanza wenzangu tunaopishana alfajiri tukienda kufagia ofisi za watu. Wewe utafute wa kukutafsiria. Si kila karatasi mnayotuletea nyumbani ina mstari chini unaosema wakalimani wapo?

Usiku wa kuamkia Jumamosi iliyopita mwanangu wa mwisho, kijana wa miaka 19, alitumbukia mferejini. Alikuwa anatoka kuosha vyombo mgahawani, basi la mwisho limempita, akaamua kukata njia pembeni ya mfereji kama tunavyofanya sote. Ile taa unayoijua haikuwa inawaka. Simu yake ilikuwa imekwisha chaji. Penye lango la kupitishia mashua njia inapinda ghafla na mawe yanateleza. Alipodhani anakanyaga jiwe akakanyaga hewa.

Halewi, Mheshimiwa. Nalisema hili mapema kwa sababu najua utakachouliza. Watu wengine wote waliuliza jingine: "Nani kamsukuma?" Jirani yangu kauliza hivyo kabla hata hajaulizia hali ya mtoto. Bosi wangu wa zamu kauliza hivyo. Dada yangu kapiga simu kutoka Muheza, naye swali ni hilo hilo, kumbe habari za Msukumaji, huyo muuaji anayesemwa anasukuma watu mferejini, zimefika mpaka Muheza. (Ni Msukumaji jamani, si Msukuma. Ndugu zangu wa Mwanza na Shinyanga mtulie, hamhusiki.)

Kwa wenzangu msioishi huku, niwaeleze kidogo. Mji huu umejengwa na mifereji. Wa Bridgewater ulifunguliwa 1761 kuleta makaa ya mawe kutoka Worsley, wa Rochdale ukakamilika 1804, na mwaka 1894 wakafungua mwingine mkubwa wa kupitisha meli za baharini, pamba ikawa inashushwa hapa hapa mjini. Kanga za zamani za bibi zetu, nyingine zilichapwa mji huu. Farasi walikuwa wakikokota mashua huku wanatembea ukingoni, na ndiyo maana ukingo hauna uzio hadi leo: uzio ungenasa kamba. Farasi wameondoka zamani. Tumebaki sisi.

Basi Januari 2015 gazeti moja la Jumapili lilitoa habari kwamba miili zaidi ya 60 imetolewa kwenye maji ya eneo hili kwa miaka sita tu, na profesa mmoja wa saikolojia kutoka chuo cha Birmingham akasema idadi hiyo haiwezi kuwa ajali na kujiua peke yake. Polisi wakakanusha, wakasema hakuna ushahidi wa mtu anayeua watu mmoja baada ya mwingine. Wapi! Jina lilikuwa limeshapatikana, na kitu kikishapata jina huwezi kukiua kwa taarifa ya polisi.

Mimi nimekulia karibu na mto Pangani, kwa hiyo sikushangaa hata kidogo. Kwetu mtu akizama, hata kama alikuwa hajui kuogelea, hata kama mtumbwi ulikuwa umetoboka na kila mtu aliuona umetoboka, utasikia: chunusi huyo, jini wa majini, kamvuta miguu. Wazungu nao wana chunusi wao. Wa kwetu anavuta kutoka chini na wa kwao anasukuma kutoka nyuma.

Na wala siwacheki wanaoamini. Ukipita mchana ukaona mfereji, maji sehemu nyingi yanamfika mtu mzima kifuani tu. Unajiuliza kijana mwenye nguvu zake atazamaje kwenye maji ya kifuani? Tena mwili huonekana baada ya siku, mara nyingine baada ya wiki, alama zote zimeoshwa, na mahakama ya uchunguzi wa vifo inaishia kusema haikuweza kujua alivyoingia majini. Mama akipewa jibu la namna hiyo atalala? Mimi nisingelala. Ningemtafuta Msukumaji kwa tochi.

Lakini mimi Mungu kanirudishia wangu, ana mdomo, kaniambia. Anasema alipopiga maji tu alivuta pumzi bila kutaka, pumzi kubwa, kama mtu aliyeguswa na barafu mgongoni, na nusu ya pumzi ile ilikuwa maji. Nimesoma baadaye kwamba ndivyo mwili unavyofanya, maji yakiwa chini ya nyuzi 15 huwezi kuuzuia, na maji ya huku wakati wa baridi hayafiki hata hapo. Akawa anatapatapa, koti limelowa limekuwa zito kama gunia la mahindi. Penye lango si kifuani tena, Mheshimiwa. Lango ni kama kisima chembamba chenye milango ya mbao mbele na nyuma, maji yanajazwa na kupunguzwa ili mashua ipande au ishuke, na kuta zake ni mawe yaliyonyooka wima, yana utelezi wa kijani. Akajaribu kupanda kwa kucha. Baada ya dakika chache, anasema, aliona vidole vyake vinagusa jiwe lakini hasikii kitu, kama vidole vya mtu mwingine.

Aliyemwokoa ni mzee anayeishi kwenye mashua jirani na hapo. Alisikia mlio, akatoka na ndala, amevaa bukta, baridi ile, akamfikia kwa upondo wake. Upondo kabisa, kama wa ngalawa zetu! Akamwambia aukumbatie kwa mikono miwili maana vidole havikuwa vinashika, akamkokota hadi mahali ukingo uliposhuka. Nyumbani nilimwosha mikono kwenye beseni la maji ya vuguvugu. Kucha tatu zilikuwa zimenyofoka. Zilizobaki nilizitoa ule utelezi wa kijani kwa kijiti cha meno, kimoja kimoja kidole, na yeye ananiangalia tu.

Sasa turudi kwenye mfuko wa rambo. Jibu lako la kwanza: "Tumepokea." La pili: suala hili ni la mwenye mfereji. Hapo nilijifunza mengi, nashukuru. Kumbe Rochdale uko mikononi mwa taasisi ya hisani, Bridgewater ni wa kampuni binafsi, mto Irwell upande mmoja Manchester na upande mwingine Salford. Maji ni ya huyu, ukingo wa yule, taa sijui ya nani. Anayetumbukia atakuwa anapaswa kuuliza kwanza yuko kwa nani.

Ila la tatu ndilo lililonikaa rohoni. Uliniandikia kwamba wananchi wasiwe na hofu, polisi hawana ushahidi wa kuwepo muuaji kwenye mifereji.

Nilikuuliza habari za muuaji mimi? Barua yangu ninayo hapa, nimeisoma tena jana, neno hilo halimo. Niliomba taa iwake na ngazi ya chuma ifungwe penye lango. Wewe ukatoka ukapigana na Msukumaji, ukamshinda, ukarudi nyumbani umeridhika. Ndipo nilipoanza kuhisi (ni hisia tu, nikikosea unisamehe) kwamba chunusi huyu anawafaa nyinyi kuliko anavyotufaa sisi. Kila mtu akizama mjadala unakuwa kasukumwa au hakusukumwa, na mkishathibitisha hakusukumwa faili linafungwa.

Nenda Durham. Kati ya 2013 na 2015 wanafunzi watatu walikufa kwenye mto wa pale, katika muda wa miezi kumi na tano hivi. Waliweka uzio, wakaweka taa, wakatengeneza njia. Hapa pia mlifanya katikati ya mji, kwenye baa na watalii, vizuizi nimeviona na kamba za kuokolea nimeziona. Sisi tunaopita saa kumi alfajiri nje kidogo ya hapo hatunywi bia ya mtu, labda ndiyo sababu.

Na usinielewe kwamba naapa hakuna aliyewahi kusukumwa. Vibaka wapo pale, mwenzangu mmoja kaporwa mkoba. Mtu akikabwa gizani ukingoni anaweza kuishia popote. Sijui, na mimi si polisi. Hata hivyo taa ingemsumbua kibaka kama ambavyo ingemsaidia mwanangu, na ngazi haimwulizi mtu ameingiaje majini.

Unakumbuka ulikaa kwenye kochi langu, kabla ya uchaguzi wa Mei? Ulikula mahamri manne, nilihesabu kwa furaha, si kwa uchoyo. Nikakuonyesha picha ya lile lango kwenye simu. Ukasema: "Mama, kabla ya baridi litakuwa limeshughulikiwa." Baridi imekuja, imemchukua mwanangu na kumrudisha, karibu itaisha.

Nilikuwa na orodha ndefu ya maombi. Uzio, maboya, kamera, mkutano wa wakazi. Nimeifuta yote. Hata taa nitakusamehe, nitabeba yangu. Naomba ngazi. Ngazi ya chuma ya vidato kumi, ifungwe kwenye ukuta wa lango lile, ifike chini hadi majini hata maji yakiwa yamepunguzwa. Ukisema haina fungu la bajeti, sema bei, tutachanga. Msibani tunachanga, kwenye harusi tunachanga, hatutashindwa ngazi. Ruhusa tu ya kuifunga. Ngazi.

Wako,
Mama Salim

N.B. Mtafsiri wako akikwama kwenye neno lolote, njooni wote wawili nyumbani, chai ipo na mahamri yapo. Ila safari hii mpite njia ya mfereji, saa kumi alfajiri, na tochi muiache kwenye gari.