Jumamosi, na maoni yangu kidogo

Wasomaji niaje, samahani nimenyamaza hapa, nilikuwa nimezama kwa Rosa Mistika ya Kezilahabi na jana nimeimaliza kwa mathree ya Rongai, yaani jam ya Lang'ata imenisaidia siku moja. Jameni! Kitabu ni cha 1971 na bado kinauma, yule Zakaria anamchapa bintiye juu ya barua tu ya kijana, alafu msichana akienda shule mbali na huyo baba ndo unaona vile hakuwahi kufunzwa chochote isipokuwa kuogopa. Sishangai kiliwahi kupigwa marufuku shuleni Tanzania. Ila mwisho vifo vimerundikana haraka mno, hapo mtanibishia.

Pia nimerudia Siku Njema ya Walibora, ile ya kijana Kongowea anayetoka Tanga mpaka Kitale kumtafuta babake. Lugha tamu balaa. Bahati zinamfuata kupita kiasi lakini.

Basi tukutane Jumamosi saa nane bustani ya Jeevanjee, tuanze na Rosa, na kama hujamaliza kuja tu lakini usilie tukikutobolea siri. Na aliye na kitabu changu cha Utengano tangu Januari, nakuona ukisoma hii meseji.