Kabla ya Kuvunja Ukuta: Chumba Chako Kinaona Anga Kiasi Gani?

Maombi mengi tunayopokea hufanana: sebule ina giza, na mwenye nyumba anataka tumwekee dirisha kubwa zaidi. Ombi hilo ni la busara, lakini tumejifunza kutolijibu kwa kukimbilia tepu ya kupimia. Kwanza tunamwomba mwenye nyumba aketi pale anapoketi kila siku, iwe ni kwenye kiti chake cha kusomea au kwenye meza ya chakula, kisha atazame dirishani na atueleze anachokiona. Akitaja ukuta wa jirani, matawi ya mti na ukingo wa paa, bila hata kipande kidogo cha anga, hapo tumekwisha kujua giza linatoka wapi.

Mwanga wa mchana ndani ya nyumba hutoka angani, na dirisha ni tundu la kuupitisha tu. Sehemu ya chumba ambayo haioni anga hulazimika kutegemea mwanga uliokwisha kugonga kuta na sakafu, nao huwa umepungua sana. Mwanga unaoangukia mahali hupimwa kwa luksi: jua kali la mchana hufikia luksi 100,000, na hata siku ya mawingu nje panaweza kuwa na luksi 10,000, ilhali kusoma kwa raha huhitaji luksi 300 hadi 500 tu. Kwa hiyo katika siku kama hiyo ya mawingu, asilimia 3 ya mwanga wa nje ikifika mezani, unaweza kusoma bila kuwasha taa. Kiasi tunachotafuta ni kidogo mno, na ndiyo maana tunaamini kwamba nyumba nyingi zenye giza zinaweza kusaidiwa bila ujenzi mkubwa.

Pale ujenzi unapohitajika, jambo tunalosisitiza kuliko yote ni urefu wa dirisha kwenda juu. Mafundi na wasanifu majengo hutumia kanuni ya makadirio kwamba mwanga wa kutosha huingia chumbani kwa umbali wa mara mbili hadi mbili na nusu ya kimo cha ukingo wa juu wa dirisha kutoka sakafuni, mradi nje pasiwe na kizuizi kikubwa. Dirisha lenye ukingo wa juu kwenye mita 2.1 litaangaza vizuri mita 4 hadi 5 za kwanza, na chumba kirefu zaidi ya hapo kitabaki na giza nyuma, hata ukilipanua dirisha hilo ukuta mzima. Wateja wengi hutuomba turefushe dirisha hadi karibu na sakafu, na tunaona ni wajibu wetu kuwaeleza mapema kwamba kioo kilicho chini ya kimo cha meza huangaza hasa kipande cha sakafu kilicho karibu nacho. Kitawapa mandhari nzuri, lakini hakitaondoa giza la nyuma ya chumba. Ni kweli kwamba kupandisha dirisha ni kazi ngumu kuliko kulishusha, kwa sababu hugusa linta inayobeba ukuta ulio juu yake; kwa hiyo kazi hiyo isianze kabla mtaalamu wa ujenzi hajaikagua.

Kabla ya kufika huko, angalia kile ambacho tayari kinaziba tundu ulilonalo. Fremu nene, nondo zilizosongamana, wavu wa wadudu uliojaa vumbi na kioo kisichooshwa kwa miezi hupunguza mwanga kila kimoja kwa kiasi chake. Fimbo ya pazia ikirefushwa kupita pande zote mbili za dirisha, pazia likifunguliwa hulala ukutani badala ya kufunika kioo. Kupunguza matawi machache huweza kurudisha anga lililopotea, ingawa hatushauri kukata mti mzima unaoikinga nyumba na joto.

Baada ya hapo ndipo tunazungumzia rangi, na hapa kuna hesabu ambayo hutushangaza hata sisi tunaoirudia kila wiki. Ukuta mweupe unaorudisha asilimia 80 ya mwanga utabakiza karibu nusu yake baada ya mwanga huo kugonga kuta mara tatu. Ukuta wa rangi ya wastani, unaorudisha asilimia 50, hubakiza asilimia 12 hivi baada ya migongano hiyo hiyo mitatu. Tofauti hiyo ndiyo huamua hali ya pembe za nyuma, ambazo huishi kwa mwanga wa kurudishwa. Kama bajeti ni ndogo, anza na dari, kisha ukuta unaotazamana na dirisha, na uchague rangi isiyong'aa ili mwanga usambae badala ya kukuumiza macho. Usiusahau ukuta wenye dirisha lenyewe: ukiwa na rangi nzito, jicho hujirekebisha kwa ukali wa kioo na chumba kizima huonekana na giza kuliko kilivyo. Kioo cha kujitazamia nacho husaidia kikiwekwa mahali kinapoakisi anga; kikiakisi ukuta wenye giza, hakiongezi kitu.

Dirisha la paani tunalipendekeza kwa korido na vyumba vya katikati visivyo na ukuta wa nje. Siku ya mawingu mazito, anga la utosini hung'aa takriban mara tatu kuliko lile la upeo wa macho, hivyo tundu dogo la paani hufanya kazi ya dirisha kubwa la ukutani. Hata hivyo, hulipokea pia jua la mchana pamoja na joto lake lote, na kazi isiyo makini kuzunguka fremu huleta uvujaji. Kwa sababu hiyo tunapendelea tundu dogo lenye kioo cha kutawanya mwanga, au bomba lenye kuta za kuakisi linaloshusha mwanga kutoka paani hadi darini. Shiti za plastiki ni nafuu, lakini nyingi hugeuka manjano kwa miaka ya kupigwa na jua.

Ukipanga kutuita, zima taa zote kwa siku moja na upige picha za chumba asubuhi, mchana na jioni ukiwa umesimama mahali pale pale. Tuletee picha hizo pamoja na kimo cha chumba, kimo cha ukingo wa juu wa kila dirisha na umbali kutoka dirishani hadi ukuta wa nyuma.