Tusiziondoe mbaazi mashambani kwa sababu ya bei

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumze na wakulima wenzangu wa Babati na Kondoa, ambao baadhi yao wanasema hawatapanda tena mbaazi kwa kuwa bei yake haitabiriki. Hofu yao ina msingi. Agosti 2017 India, mnunuzi wetu mkubwa, iliweka kikomo cha tani 200,000 kwa mbaazi zinazoingizwa nchini humo, na bei huku kwetu ikaporomoka vibaya.

Hata hivyo, anayeipima mbaazi kwa bei ya gunia peke yake anaiacha nje ya hesabu kazi inayofanyika ardhini. Ng'oa taratibu mche wa mbaazi, kunde au choroko unapokaribia kutoa maua, kisha pasua vinundu vilivyoshikamana na mizizi. Ukikuta ndani vina rangi ya waridi, ujue bakteria waishio humo wako kazini, wakichukua nitrojeni ya hewani na kuigeuza kuwa chakula cha mmea. Mbaazi, zaidi ya hayo, hukua polepole miezi ya mwanzo, hivyo haiyabani mahindi yaliyopandwa nayo, na mahindi yakishavunwa huendelea kustawi kwa unyevu ambao mizizi yake mirefu huufuata chini, huku majani yake yakipukutika na kuoza shambani.

Kinachonisikitisha ni kwamba sehemu kubwa ya rutuba hiyo tunaipoteza wenyewe, kwa kuchoma maganda na majani pale pale tulipopura. Miti yake iende jikoni kama kuni, sina pingamizi, lakini maganda na majani yarudi shambani, au yaliwe na mifugo zizini na kurudi yakiwa samadi.

Tangu msimu wa 2022/2023 Serikali imekuwa ikitoa ruzuku ya mbolea, nami naishukuru kwa dhati. Ombi langu ni kwamba ruzuku hiyo iende sambamba na mbegu bora za mikunde, ambazo watafiti wetu wa vituo vya utafiti wa kilimo vya Ilonga na Selian wamezifanyia kazi kwa miaka mingi, na kwamba halmashauri zihimize shule za bweni kununua mbaazi za wakulima wa jirani, zipikwe kwa zamu na maharage, ili soko letu lisitegemee uamuzi wa nchi moja.

Mkulima,
Babati, Manyara